Dipu tishu (masaji ya kina) au masaji laini: nani umpe ipi, na mkono uingie kiasi gani

Mgeni kafika kilele cha Uhuru jana alfajiri, akashuka akalala kambi ya Mweka, leo mchana katoka getini na saa kumi jioni yuko kwangu hapa Moshi anashuka kwenye gari kinyumenyume maana mapaja hayataki kukunja. Neno la kwanza analosema, nataka dipu tishu, weka nguvu zote. Kaja na mgumu aliyembebea mzigo siku zote sita, kamlipia na yeye kama shukrani, kijana mapaja yake mazima kabisa ila shingo ukiishika ni kama kamba iliyovutwa na ng'ombe, na huyo ndo ananiambia dada mimi nipe ile laini tu ya kupumzika, ile nyingine naiogopa.

Wote wawili wameomba kinyume na wanachohitaji. Na hii naiona karibu kila wiki, nimechua misuli miaka 11 sasa, watalii wa mlimani, wagumu, wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, madereva wa malori, kina mama wa sokoni, na wadogo zangu wanaoanza hii kazi wananiuliza swali lilelile, dada nitajuaje huyu ni wa dipu tishu na huyu ni wa ile laini, ya Kiswidi? Kwa hiyo naziweka hapa zote mbili tuziangalie, na mteja naye akisoma ajue cha kuomba.

Kwanza, dipu tishu haipatikani kwa kuchukua masaji ya kawaida ukaongeza nguvu. Wengi ndo wanavyofanya, mikono ileile, haraka ileile, alafu wanakandamiza mpaka mteja anang'ata shuka. Hapo misuli inajikaza kujilinda na wewe unabaki juu juu, kama mtu anayesukuma mlango uliokomewa kwa ndani. Misuli ya mgongo imepangwa kwa tabaka, kuna ile pana ya juu inayoanzia kisogoni ikatandaa mabegani mpaka katikati ya mgongo, chini yake ile iliyoko kati ya makombe ya mabega, chini yake tena zile ndefu zinazopanda sambamba na uti wa mgongo, na huwezi kufika ya tatu wakati ya kwanza bado imegoma.

Masaji ya Kiswidi ndo ile wengi wanaita laini. Mafuta ya kutosha mkono uteleze, unatelezesha, unakanda kama unga wa chapati, unasugua, unapigapiga, mwendo wa wastani, na ndani ya dakika 60 mwili mzima umeuzunguka vizuri bila kukimbizana. Jina la Kiswidi watu wanalihusisha na Per Henrik Ling aliyeanzisha chuo cha mazoezi ya viungo Stockholm mwaka 1813, ila aliyezipanga zile staili kwa majina tunayofundishwa mpaka leo ni daktari Mholanzi, Johann Georg Mezger, na bibi zetu wa Pwani walikuwa wanafanya mambo hayohayo na mafuta ya nazi bila kuwasubiri hao wawili.

Dipu tishu mafuta ni matone machache tu, ukimwaga mengi mkono unapaa juu na hushiki kitu. Mwendo wake ni wa kinyonga. Nikipandisha kigasha, yaani mkono kati ya kiwiko na kiganja, kutoka kiunoni mpaka begani, upande mmoja wa mgongo, inanichukua karibu dakika nzima, na nikikutana na sehemu iliyogoma sipiti, nasimama hapohapo kama nusu dakika, uzito uleule, siongezi, mpaka niisikie inalegea chini ya mkono kama siagi iliyotolewa kwenye friji, ndo nasogea tena kidogo. Sasa kwa mwendo huo mwili mzima kwa saa moja haiwezekani, anayekuahidi dipu tishu ya mwili mzima kwa dakika 60 anakupa Kiswidi chenye presha. Chagueni sehemu mbili, shingo na mabega, au kiuno na makalio, basi.

Turudi kwa yule mgeni.

Kutoka kileleni mita 5,895 mpaka geti la Mweka ni kushuka zaidi ya mita 4,000 kwa siku mbili. Kwenye mteremko misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki, inakaza huku inavutwa irefuke, kama breki za lori linaloshuka Kitonga, na kazi ya namna hiyo ndo inayochana vinyuzi vidogovidogo vya nyama kuliko kazi ya kupanda. Uvimbe wake na maumivu yanakua siku ya kwanza mpaka ya tatu. Sasa nyama iliyochanika na kuvimba ukaikanyage na kiwiko unaitibu nini? Unaongeza jeraha juu ya jeraha. Watu watasema ni tindikali ya lakti imejaa ikamuliwe itoke, ile mwili unaiondoa wenyewe ndani ya saa moja hivi baada ya kazi, mgeni akifika kwangu kesho yake haipo tena. Huyo anapata masaji laini, dakika 40, miguu inatelezeshwa kuelekea moyoni taratibu, presha ya tatu au nne kwenye kumi, alafu atembeetembee jioni. Dipu tishu aje siku ya nne au ya tano kama bado yupo, na kama bado anaihitaji.

Mkimbiaji naye ni hivyohivyo. Marathon ikiwa Jumapili, dipu tishu yako ya mwisho iwe Jumatano au kabla, ukija Jumamosi nitakupa laini tu hata ukinuna, sitaki uanze mbio na miguu inayouma kwa sababu yangu.

Mgumu ni habari nyingine. Sheria ya hifadhi inasema mzigo usizidi kilo 20, lakini hizo kilo anazibeba msimu hadi msimu, kichwani au begani, na misuli inayotoka shingoni kwenda kwenye kombe la bega imekaa kwenye kazi miaka. Haijachanika jana, imekaza muda mrefu, akigeuka kuangalia nyuma anageuza kiwiliwili chote. Hiyo ndo kazi ya dipu tishu, hapo ukimpaka mafuta na kumtelezesha saa nzima atalala usingizi mzuri sana na kesho shingo iko vilevile. Nilimwambia tuanze na hiyo laini yako, ikikukera tunabaki hapohapo. Dakika kumi za kupasha nyama moto, ndo nikaanza kuingia kwa kigasha, tabaka kwa tabaka. Nusu saa baadaye ananiuliza, dada ile ya nguvu unaanza saa ngapi.

Kwa hiyo ukitaka kipimo cha haraka: maumivu mapya, ya jana au juzi, yenye joto na uvimbe, laini au usiguse kabisa. Maumivu ya zamani, yanayorudi palepale, nyama imekaza na kiungo hakigeuki vizuri, dipu tishu. Mtu hana maumivu popote ila ana mawazo, halali, kachoka na kazi, huyo ni Kiswidi, usimtafutie vinundu ambavyo hana.

Kwa mgongo wa chini niseme na hili wateja wasije wakadanganywa. Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, waliweka pamoja majaribio 25 ya masaji kwenye maumivu ya kiuno, mapitio ya mwaka 2015, wakakuta nafuu ipo ila ni ya muda mfupi na ushahidi wenyewe hafifu. Mimi naona hivyohivyo mezani kwangu, mtu anatoka kanyooka, wiki mbili baadaye karudi kama hajabadilisha anavyokaa na anavyobeba. Mwambie ukweli huo kabla hajalipa. Na akikuambia kiuno kinauma na pia anashindwa kuzuia mkojo, au ana ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, au mguu umeisha nguvu, hapo sio masaji ya aina yoyote, ni hospitali siku hiyohiyo.

Wa kutoguswa

Mwaka mmoja alikuja mzee wa kizungu, kashuka mlimani siku mbili nyuma, anasema kigimbi cha kushoto kimebana, ni kano tu, ningemkandia kwa nguvu kingeachia. Nilimlaza nikaweka viganja viwili kwenye vigimbi vyote viwili kwa pamoja, hii nafanya kwa kila mtu kabla sijagusa mafuta, na cha kushoto kilikuwa cha moto na kinene kuliko mwenzake, ngozi imevutika inang'aa. Fikiria alikopita, ndege masaa mengi, gari, wiki mlimani, maji anakunywa kidogo. Nilimfunika na khanga nikamwambia leo hulipi na sikugusi, nenda ukapigwe picha ya mishipa. Ulikuwa mgando wa damu kwenye mshipa wa ndani. Mgando kama huo ukiusukuma na kiwiko unaweza kuchomoka ukasafiri mpaka mapafuni, na huko unaua. Hapo hata masaji laini hapana, kwa hiyo mguu mmoja ukivimba na mwingine haujavimba, acha.

Wengine ni wa kuuliza mdomo kwa mdomo maana hawatakuambia. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, warfarini na wenzake, dipu tishu itamuachia damu chini ya ngozi, huyo laini tena kwa ruhusa ya daktari wake. Mwenye kisukari cha muda mrefu aliyekufa ganzi nyayo hawezi kukuambia umezidisha kwa sababu hasikii, kwa hiyo miguuni presha ni ndogo, hata akisema ongeza. Mwenye selimundu akiwa na yale maumivu makali ya ghafla ni hospitali. Homa, hapana zote mbili. Mfupa uliovunjika majuzi, mshono wa operesheni, mzee ambaye mifupa imekuwa myepesi, mwenye saratani ambaye daktari wake hajasema kitu, wote hao kiwiko kikae mbali. Presha ya kupanda isiyodhibitiwa, subiri idhibitiwe. Mjamzito anapata laini, kalala ubavu, miguuni hakuna kukandamiza kwa kina.

Alafu kuna hili la dawa za maumivu na pombe. Mteja kameza diklofenaki mbili mchana, au katoka kwenye mbege na wenzake kusherehekea kumaliza mlima, akija hapo kipimo chake cha maumivu hakifanyi kazi, atakuambia ongeza, ongeza, na kesho ataamka kaiva bluu. Aliyekunywa namrudisha aje kesho, aliyemeza dawa nampa laini. Na hawa wa mlimani wengi wanameza Diamox, dawa ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko, inaleta kama sindano kwenye vidole, sasa ukiwa unafanya shingo mtu akakuambia vidole vinanichoma, uliza kwanza hiyo hali ilikuwepo tangu mlimani au imeanza sasa hivi ulipobonyeza. Ikiwa imeanza sasa, toa mkono, umekalia mshipa wa fahamu.

Kwa wagumu hasa, angalia na mkono. Akisema mkono hauna nguvu, hawezi kunyanyua juu, au kombe la bega moja limechomoza kama bawa, mikanda ya begi imebana mishipa ya fahamu na hiyo huimalizi wewe, mpeleke kwa daktari.

Kuna na sehemu za mwili ambazo hata kwa mtu mzima kabisa kiwiko hakipiti. Mbele ya shingo pembeni ya koromeo, kwapani, ndani ya kiwiko, kinenani, nyuma ya goti, pale mgongoni chini ya mbavu za mwisho zilipo figo, na juu ya pingili zenyewe za uti wa mgongo. Unafanya nyama iliyo pembeni ya mfupa, mfupa haukandwi. Na shingo haivunjwi. Najua kinyozi akimaliza kukunyoa anakukanda kichwa alafu anashika kidevu anakizungusha ghafla mpaka kinalia, watu wanapenda ile sauti, lakini ndani ya pingili za shingo inapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo na kuizungusha ghafla inaweza kuuchana mmoja ukapata kiharusi, kijana kabisa. Mteja akiniomba nivunje shingo nakataa kila mara.

Gumba, kigasha, kiwiko

Huu nao ni uchaguzi na ndo unaoamua kama utakuwa bado unafanya hii kazi baada ya miaka mitano. Nilipoanza nilifanya kila kitu kwa gumba. Wateja sita kwa siku, gumba limekunjwa, nasukuma kwa nguvu za bega, na mwaka wa pili nilikuwa nashindwa kufungua chupa ya maji asubuhi, kiungo cha chini ya gumba kimevimba, nikakaa miezi miwili bila kazi. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Gumba ni la kutafutia. Linasikia vizuri kuliko kitu kingine chochote, kinundu kidogo kama punje ya maharage unakijua, kwa hiyo litumie kutafuta na sehemu ndogo kama chini ya kisogo, likiwa limenyooka na vidole vingine vimeliegemea. Kigasha ndo cha kazi. Ile nyama ya upande wa ndani karibu na kiwiko ni pana na laini, uzito unatawanyika, mteja anahisi kina bila kuhisi kuchomwa, mgongo, makalio, mapaja ya nyuma, vyote ni vya kigasha. Kiwiko ni cha wachache na sehemu chache, makalio ya mtu mwenye nyama nzito, labda pembeni ya kombe la bega, na hakisikii kabisa, kwa hiyo nakiweka pale tu ambapo gumba limeshapapasa na kuniambia kuna nini chini. Mwanafunzi wangu simruhusu kiwiko miezi sita ya mwanzo.

Na nguvu isitoke mkononi. Kitanda kiwe chini, ukisimama wima na kukunja ngumi, ngumi iguse godoro. Mguu mmoja mbele mmoja nyuma, mgongo umenyooka, alafu unaegemea, uzito wa mwili unashuka wenyewe kupitia bega mpaka mkononi. Ukiona unatoka jasho na unabana pumzi, umesimama vibaya. Mimi wateja wa dipu tishu kwa siku nachukua wanne, waliobaki ni laini.

Kipimo cha presha ni mdomo wa mteja na mwili wake kwa pamoja. Namwambia sifuri hakuna kitu, kumi hauvumiliki, tunafanya kazi kwenye tano au sita, ikifika saba sema. Kwa Kiswidi haivuki nne. Lakini watu wetu, hasa wanaume, wanaona aibu kusema inauma, wagumu ndo kabisa, jina lenyewe linawafunga mdomo. Kwa hiyo angalia vidole vya miguu, vikijikunja umezidisha. Pumzi ikikatika umezidisha. Ngumi ikijifunga, bega likipanda kuelekea sikioni, toa nusu ya uzito hata kama anasema niko sawa dada, endelea.

Heshima nayo ni usalama. Dipu tishu inafika makalio na karibu na kinena kuliko ile laini, kwa hiyo nasema kabla, sasa naomba nifanye makalio juu ya khanga kwa sababu kiuno chako kinavutwa na hapa, unaridhia? Akisema hapana ni hapana, naruka. Kinachofunuliwa ni kile tu ninachokifanyia kazi muda huo.

Mkimaliza asiruke chini. Akae pembeni ya kitanda dakika moja miguu inaning'inia, presha ya damu huwa imeshuka na wengine wanapata kizunguzungu, hii ni kwa zote mbili. Maji anywe kwa kuwa ana kiu, wanaosema ni ya kusafisha sumu iliyotolewa na masaji wanakosea, hakuna sumu inayotolewa. Baada ya Kiswidi hatakiwi kuumwa kesho yake. Baada ya dipu tishu kuumauma kama aliyelima shamba siku moja mpaka mbili ni kawaida, ila mkojo ukiwa mweusi kama soda ya kola aende hospitali haraka, nyama imepondwa na figo zinaumia, ni nadra lakini imewahi kutokea duniani kwa masaji ya nguvu kupita kiasi.

Kesho yake jioni huwa natuma meseji, vipi, inauma wapi, shingo inageuka? Yule mgumu alijibu inauma kidogo begani ila kwenye daladala kageuka kuangalia nyuma bila kugeuza kiuno, kwa hiyo wiki ijayo akirudi salama kutoka mlimani tutaingia tena dipu tishu, sehemu ileile. Angenirudia siku ya tatu akasema bado inauma, au pameiva, ningejua nilizidisha, angepata laini mpaka nyama itulie.